Safari ya Miji ya Soko ya Hungaria: Kabaila Jirani na Mzigo wa Mji

Jumatatu: Budapest hadi Kecskemét

Swali lililonileta huku ni moja. Katika miji midogo ya soko ya Hungaria ya karne ya 16 na ya 17, kabaila na mwenyeji wa kawaida waliwezaje kuishi mtaa mmoja, wakinunua mkate mahali pamoja na kusali katika kanisa moja, ilhali sheria ya nchi ilimtambua wa kwanza kuwa mtu huru asiyelipa kodi na wa pili kuwa mtwana wa bwana fulani? Miji hii Wahungaria huiita mezőváros. Kwa kawaida haikuzungushiwa ukuta wa mawe, na ilikaa juu ya ardhi ya kabaila, tofauti na miji huru ya mfalme, kama Kassa na Pozsony (leo Košice na Bratislava, Slovakia), iliyowajibika kwa mfalme mwenyewe. Hata hivyo ilikuwa na haki ambazo vijiji havikuwa nazo: soko la kila wiki, magulio ya mwaka, mkuu wa mji na baraza waliochaguliwa na wenyeji, na mara nyingi kibali cha kumlipa bwana kwa mkupuo mmoja badala ya kila kaya kutozwa peke yake na kutumikishwa shambani.

Haki hiyo ya mwisho naiona kuwa kubwa kuliko zote, na ndiyo ninayokusudia kuifuata mji kwa mji. Kodi ya mkupuo haipungui mtu mmoja anapoacha kulipa, kwa kuwa fungu lake huhamia kwa jirani zake. Kabaila anayeishi mbali kwenye ngome yake ni bwana tu, lakini kabaila anayenunua nyumba mjini na kukataa kuchangia anakuwa mzigo unaoonekana kila siku ukifungua mlango.

Kecskemét iko katika tambarare kubwa ya kusini mwa Budapest, na historia ilitaka niianzie hapa kwa sababu ni mji uliojikuta karibu hauna kabaila. Jeshi la Hungaria lilishindwa na Waosmani, yaani Waturuki wa sultani, huko Mohács tarehe 29 Agosti 1526. Buda ilitekwa mwaka 1541. Nchi ikagawanyika sehemu tatu, moja ya wafalme wa ukoo wa Habsburg, moja ya wakuu wa Transylvania, na ya katikati ikiwa chini ya sultani. Kecskemét ilibaki katika sehemu ya katikati, ikawekwa miongoni mwa miji ya hazina ya sultani mwenyewe, na makabaila wa eneo hili wakakimbilia kaskazini. Walikimbia, lakini hawakuziachia haki zao. Kaunti ya Pest iliendelea kufanya vikao vyake uhamishoni katika ngome ya Fülek, na mabwana waliendelea kudai ushuru wao kutoka ng'ambo ya mpaka, hivi kwamba mji ulilipa mara mbili, kwa sultani na kwa bwana asiyeweza hata kufika kuuona. Mwenyeji aliyeipeleka kesi yake mbele ya kadhi wa Kituruki aliweza kuadhibiwa na kaunti kwa kosa la kujipendekeza kwa adui. Naliona hilo kuwa dai zito mno kutolewa na watu walioshindwa kuwalinda hao waliokuwa wakiwaadhibu.

Katika pengo hilo baraza la mji lilijifunza kujitawala. Mchana nilisimama mbele ya kanisa la Wafransisko, kanisa la mawe lililokuwapo kabla ya Waturuki. Mwaka 1564 Wakatoliki na Wakalvini, yaani Waprotestanti wafuasi wa Calvin, wa mji huu walikubaliana kwamba Wakatoliki wabaki na kanisa hilo, na Wakalvini wajengewe lao la mbao. Katika Ulaya ya wakati ule dini ya watu mara nyingi iliamuliwa na bwana wao. Hapa waliamua wenyeji, nao hawakumwaga damu.

Jumanne: Gyöngyös

Nilirudi Budapest, nikapanda treni ya mashariki, kisha nikabadilisha Vámosgyörk kuelekea Gyöngyös, chini ya milima ya Mátra. Sehemu kubwa ya mji iliteketea katika moto wa mwaka 1917, kwa hiyo anayetafuta mitaa ya kale hapati mengi, ila kanisa la Mtakatifu Bartolomayo na monasteri ya Wafransisko vinatosha kuifanya safari isiwe bure. Watawa hao hawakuondoka katika miaka yote ya utawala wa Waosmani, na katika mji huu zimehifadhiwa hati nyingi za Kituruki ambazo wenyeji walizitunza kama silaha. Kila afisa mpya alipokuja na dai jipya, baraza lilitoa karatasi ya afisa aliyemtangulia.

Gyöngyös ilipewa haki zake na mfalme Károly wa Kwanza mwaka 1334, lakini kilichonivutia zaidi ni kwamba ilikuwa na mabwana kadhaa kwa wakati mmoja. Mji ulikuwa mmoja, lakini nyumba hii ilihesabiwa kwa bwana huyu na nyumba ya pili kwa bwana mwingine. Mtu angetarajia kwamba mabwana wengi ni mateso mengi. Nadhani ilikuwa kinyume chake mara kwa mara, kwa maana mabwana wasioelewana hawawezi kulivunja baraza moja linalozungumza kwa niaba ya mji mzima.

Jumatano: kuelekea vilima vya Tokaj

Safari ya leo ilikuwa ndefu, nami niliitumia kusoma tena vifungu vya Tripartitum, mkusanyiko wa sheria za desturi ulioandaliwa na mwanasheria István Werbőczy. Hakuna anayeweza kuelewa ugomvi wa miji hii bila kujua kitabu hiki kilisema nini. Kiliwasilishwa mbele ya Bunge mwaka 1514 na kuchapishwa Vienna mwaka 1517. Hakikupata kutangazwa rasmi kuwa sheria, lakini mahakama zilikitumia kama sheria hadi mwaka 1848. Kilisema kwamba makabaila wote, kuanzia mwenye ngome kumi hadi mwenye kibanda kimoja, wana uhuru mmoja na uleule. Kabaila hakamatwi kabla ya kuitwa na kuhukumiwa kisheria. Hana mkubwa juu yake isipokuwa mfalme aliyetawazwa kihalali. Hatozwi kodi wala ushuru wa njiani. Anachodaiwa ni kwenda vitani kuilinda nchi.

Mwaka huohuo wa 1514 nchi ilikuwa imetikiswa na uasi wa wakulima ulioongozwa na György Dózsa, ambao ulianza kama jeshi la kupigana na Waturuki na kuishia kama vita dhidi ya makabaila. Watu wa miji ya soko walikuwa miongoni mwa waliojiunga, na Cegléd, mji jirani wa Kecskemét, ni miongoni mwa mahali ambapo waasi walipaza mwito wao. Dózsa aliuawa kikatili katika mji wa Temesvár, ambao leo uko Romania. Bunge likawahukumu wakulima utwana wa milele: wasihame bila ruhusa, walipe forinti moja kwa mwaka, wafanye kazi kwa bwana siku moja kila wiki, watoe kuku mmoja kila mwezi na bata bukini wawili kila mwaka. Sheria hiyo haikutekelezwa mahali pote kwa ukali uleule, hasa katika miji iliyokuwa na fedha za kujikomboa kutoka kazi ya shambani, lakini ilibaki juu ya vichwa vya watu kama dari bovu ambalo halijaanguka bado.

Nilishuka Tarcal saa za alasiri. Mizabibu imepanda mlima hadi juu, na hapa kuna mpangilio ambao sikuutegemea. Shamba la mizabibu halikufungwa kwenye kiwanja cha mtwana kama shamba la ngano. Liliuzwa, likarithiwa, likatolewa mahari, na mtu wa nje aliweza kulinunua. Wafanyabiashara wa miji ya kaskazini ya Kassa, Eperjes na Bártfa walikuwa na mizabibu yao hapa, na makabaila pia, na wenyeji wa Tarcal, Mád na Tállya, kila mmoja akiwa na mistari yake kando ya mistari ya mwenzake. Mlima ulikuwa na sheria yake na msimamizi wake. Kabaila aliyelima mizabibu katika ardhi ya bwana mwingine alidaiwa ushuru wa mlima kama fundi viatu wa mtaani. Kwa hiyo juu ya mlima watu hawa walikuwa majirani karibu sawa, na waliposhuka mjini na mapipa yao wakawa watu wa tabaka mbili.

Penye mapipa ndipo palipokuwa na fedha. Kwa desturi iliyoenea nchini, wenyeji waliruhusiwa kuuza mvinyo kwa rejareja kuanzia sikukuu ya Malaika Mikaeli, tarehe 29 Septemba, hadi sikukuu ya Mtakatifu Joji, tarehe 24 Aprili, kisha kipindi cha kiangazi kikawa cha bwana. Faida ya kilabu cha mji ilisaidia kulipa ule mkupuo. Kabaila mwenye nyumba mjini alipofungua mlango na kuuza mvinyo wake mwenyewe, akidai kwamba uhuru wake unamruhusu kuuza wakati wowote, alichota katika kisima cha wote huku akikataa kushika kamba.

Alhamisi: Sárospatak

Hapa nimekaa siku nzima na ningeweza kukaa zaidi. Mnara Mwekundu, ambao Péter Perényi alianza kuujenga mwaka 1534, unasimama juu ya mto Bodrog. Baadaye ngome iliingia mikononi mwa ukoo wa Rákóczi, György Rákóczi alipomwoa Zsuzsanna Lorántffy mwaka 1616. Huyo György alikuja kuwa mkuu wa Transylvania, na mji mdogo wa soko ukajikuta unakaa mlangoni pa mmoja wa watu wenye nguvu kuliko wote katika nchi.

Kuishi mlangoni pa mkubwa kulikuwa na faida. Chuo cha Wakalvini, ambacho huhesabu miaka yake tangu 1531, kilikua chini ya ulinzi wa familia hiyo, na Lorántffy alimwalika Comenius, mwalimu mashuhuri kutoka Moravia, aliyefundisha hapa kati ya mwaka 1650 na 1654. Madarasani walikaa watoto wa makabaila pamoja na watoto wa wenyeji na wa wakulima. Bila fedha za ngome chuo kisingesimama, na bila nyumba na jikoni za wenyeji wanafunzi wasingeishi. Wanaoieleza historia ya miji hii kana kwamba ilikuwa vita tu ya bwana na watu wake wanaliacha jambo hili nje, nami nadhani wanakosea.

Lakini ngome kubwa huhitaji watu: makatibu, maofisa wa mashamba, makamanda, wanasheria. Wengi wao walikuwa makabaila wadogo, na walihitaji mahali pa kulala. Hapo ndipo nyumba za miji ya soko zilipoanza kubadilika hadhi. Njia zilikuwa nyingi. Bwana aliweza kuitoa nyumba katika orodha ya nyumba zinazolipa na kumpa mtumishi wake kwa hati ya uhuru. Kabaila aliweza kumwoa mjane wa mwenyeji na nyumba ikaja naye. Wengine walinunua tu kwa fedha, hasa wale waliokimbia maeneo yaliyotekwa na Waturuki na kupoteza mashamba yote isipokuwa jina.

Njia ya mwisho ndiyo iliyowaumiza wenyeji zaidi, kwa sababu ilitoka miongoni mwao. Mfanyabiashara aliyefanikiwa aliweza kuomba kwa mfalme au kwa mkuu wa Transylvania hati ya ukabaila, ngozi iliyochorwa nembo yake kwa rangi na dhahabu. Ikiwa alikuwa mtwana wa mtu, alihitaji ridhaa ya bwana wake. Kisha hati ilisomwa hadharani katika mkutano wa kaunti ili mwenye pingamizi aseme. Nchi ilijaa makabaila wa aina hii, wenye hati na nembo lakini wasio na mtwana hata mmoja. Kwa jirani zake maana yake ilikuwa dhahiri. Jana mtu huyu alikuwa miongoni mwa waliolipa mafungu makubwa kwa kuwa alikuwa na ng'ombe na mizabibu mingi. Leo anadai kwamba halipi, haitikii wito wa baraza, na kesi zake zipelekwe kaunti kwa makabaila wenzake.

Wenyeji walijibu kwa kanuni ambayo, kwa maoni yangu, ni ya busara kuliko yote niliyokutana nayo katika safari hii. Hawakubisha kwamba fulani ni kabaila. Walisema kwamba uhuru ni wa mtu, lakini mzigo ni wa nyumba na kiwanja. Anayekaa katika nyumba iliyokuwa ikilipa, abebe kilichokuwa kikibebwa na nyumba hiyo, hata akiwa na nembo ukutani. Kabaila naye alijibu kwamba uhuru wake hauachwi kizingitini anapoingia mjini. Pande zote mbili zilikuwa na sheria ya kushikilia, na ndiyo maana kesi za namna hii hazikuisha. Bwana mkubwa, aliyepaswa kuwa mwamuzi, alivutwa huku na huku, kwa kuwa alihitaji kodi ya wenyeji na pia uaminifu wa makabaila waliomtumikia.

Ijumaa: Sátoraljaújhely

Mji huu uko mwendo mfupi wa treni kutoka Sárospatak, mpakani mwa Slovakia. Tarehe 1 Julai 1697, siku ya gulio, wakulima, watu wa miji ya soko na wapiganaji wa zamani waliwashambulia askari wa mfalme hapa, chini ya uongozi wa Ferenc Tokaji. Waliziteka ngome za Tokaj na Sárospatak. Walichoka na kodi na askari waliopangishwa majumbani mwao bila malipo. Makabaila kwa jumla hawakujiunga. Ferenc Rákóczi wa Pili, mrithi kijana wa mashamba haya, aliwakimbia watu wake mwenyewe na kwenda Vienna ili asidhaniwe kuwa mwasi, na katika muda wa wiki chache uasi ulikwisha kwa damu.

Miaka sita baadaye, mwaka 1703, mtu huyohuyo aliongoza vita dhidi ya Habsburg, na safari hii alizihitaji tabaka zote mbili chini ya bendera moja. Bunge la Ónod la mwaka 1707 liliamua kwamba makabaila nao watozwe kodi ya vita, na Bunge lililokutana Sárospatak mwishoni mwa mwaka 1708 liliwaahidi uhuru watwana watakaopigana hadi mwisho. Vita vilimalizika mwaka 1711 kwa Rákóczi kushindwa, na msamaha wa kodi wa makabaila ukarudi mahali pake. Ninapotembea katika uwanja wa mji huu najiuliza wenyeji waliokuwa wamewasikia makabaila wakikubali kulipa, walipokeaje kusikia kwamba hawalipi tena.

Jumamosi: Debrecen

Nilipitia Nyíregyháza na kufika Debrecen kabla ya adhuhuri. Leo ni mji wa pili kwa ukubwa nchini, lakini hadi mwaka 1693 ulikuwa mji wa soko tu, bila ukuta, ukijilinda kwa handaki na ua, na kwa fedha. Hati ya mfalme Lajos wa Kwanza ya mwaka 1361 iliwapa wenyeji haki ya kuchagua mkuu na baraza lao. Kumbukumbu za maandishi za baraza hilo zimesalia tangu mwaka 1547. Utajiri ulitoka kwa ng'ombe wenye pembe ndefu, waliolishwa katika mbuga kama Hortobágy na kuswagwa kwa miguu hadi Vienna, Nürnberg na Venezia. Mwishoni mwa karne ya 16, katika miaka mizuri, zaidi ya ng'ombe 100,000 walitoka Hungaria kwa njia hiyo. Makabaila waliona faida hiyo na kuingia wenyewe katika biashara, wakiwa na msamaha wa ushuru wa njiani ambao mfanyabiashara wa Debrecen hakuwa nao. Debrecen nayo ililipa pande tatu: Habsburg, sultani na mkuu wa Transylvania.

Mwaka 1660 Waosmani waliiteka Várad, ngome kubwa iliyoulinda upande huu, na wakimbizi walimiminika Debrecen, wakiwamo makabaila na walimu na wanafunzi wa chuo cha Várad. Mji uliwapokea. Hapo swali la Sárospatak lilirudi kwa uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa mgeni aliyepoteza kila kitu alikuwa bado na jambo moja la kushikilia, yaani ukabaila wake, na mji uliokuwa ukikamuliwa na watawala watatu ulihitaji kila nyumba ilipe. Namhurumia kila mmoja wao, lakini hukumu yangu iko upande wa baraza. Mji usio na ukuta uliponea kwa kulipa, na aliyelala salama ndani yake alinunuliwa usalama huo na jirani.

Dawa ya kudumu ilikuwa kuondoka kabisa chini ya mabwana na kuwa mji huru wa mfalme. Rust, mji wa mvinyo ambao leo uko Austria, ulifanya hivyo mwaka 1681 kwa gulden 60,000 za dhahabu na ndoo kubwa 500 za mvinyo wake. Debrecen ilipata hadhi hiyo kutoka kwa mfalme Leopold wa Kwanza mwaka 1693, lakini Bunge, ambalo makabaila walikuwa na kauli kubwa ndani yake, lilikuja kuitambua kisheria mwaka 1715 tu. Kabaila hakupenda kuona mji wa watu waliokuwa watwana ukiketi naye katika Bunge.

Jumapili: Hajdúböszörmény

Nimeuacha mji huu uwe wa mwisho kwa sababu hapa swali lilijibiwa kwa namna isiyo ya kawaida: mji mzima ulifanywa kabaila. Wahajdú walikuwa waswaga ng'ombe na askari wasio na makazi. Walimpigania István Bocskai, aliyekuwa mkuu wa Transylvania, dhidi ya Habsburg, na tarehe 12 Desemba 1605, kwa hati iliyotolewa Korpona, aliwapa watu 9,254 miongoni mwao ukabaila wa pamoja na ardhi, kwa sharti la kwenda vitani. Böszörmény yenyewe walipewa mwaka 1609 na Gábor Báthory, mkuu mwingine wa Transylvania. Hapa hakukuwa na ugomvi kuhusu nyumba ipi inalipa na ipi hailipi, kwa kuwa zote zilikuwa huru, na bwana wa kudai kuku na bata bukini hakuwapo.

Asubuhi nilizunguka mitaa inayolizingira kanisa la Wakalvini, kisha nikaingia jumba lililokuwa makao makuu ya Wilaya ya Hajdú, ambalo sasa ni makumbusho. Usawa huo ulikuwa na mipaka yake. Ukabaila wao ulikuwa wa jumuiya, na aliyehamia baadaye bila kuwa mhajdú aliishi pembeni, bila ardhi na bila sauti. Kaunti za jirani hazikupenda kuwaona waliokuwa waswaga ng'ombe wakijiita makabaila, na karne ya 18 ilipofika dola ya Habsburg ilikuwa ikiwatoza kodi. Wilaya yao ilifutwa mwaka 1876. Kufikia hapo utwana ulikuwa umekwisha kufutwa nchini kote, mwaka 1848, na katika sheria zilezile kabaila wa Hungaria alipoteza msamaha wake wa kodi, akaanza kulipa pamoja na jirani zake.